Mrija Usiolegea

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Shikamoo yako imefika hapa Bukiriro na sote tu wazima. Maharage yamekubali, na mama yako ameshamwambia kila mtu sokoni kwamba binti yake anasomea utabibu.

Unaniuliza kama niliwahi kuchekwa na darasa zima, kwa sababu mwalimu alikutaka uonyeshe njia ya hewa, wewe ukashika umio. Mjukuu wangu, umenirithi!

Nilipokuwa darasa la sita hatukuwa na picha ya mapafu. Baba alipochinja mbuzi wa harusi ya dada, nilimwomba mapafu na koo la mbuzi huyo, nikayapeleka shuleni kwenye jani la mgomba. Nikachomeka bua la jani la mpapai, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka. Mapafu yakabaki yamelala. Kumbe nilipuliza umio! Walicheka, we acha.

Mwalimu akaniambia, "Shika mirija yote miwili."

Wa chakula ulilegea kama kitambaa. Wa hewa ulikuwa na pingili ngumu, ukiubana unarudi wazi wenyewe. Nikapuliza huo. Mapafu yakaumuka, la kulia kubwa kuliko la kushoto, na kicheko kikakatika. Vidole vyangu havijasahau hadi leo.

Ukija likizo, babu yako atachinja mbuzi. Majirani nimeshawaalika. Mapafu hayaingii jikoni mpaka usimame uani utufundishe, nami nitakaa mbele kabisa.

Ni mimi bibi yako, ninayetamba kwa jina lako.