Kicheko Ulichompa Deo

Mke wangu Mapendo,

Miaka miwili tangu nikuzike, na bado nina wivu na Deo. Nicheke ukitaka, lakini ndiyo hivyo.

Unakikumbuka kile kitabu kuukuu cha katuni alichokupa bibi wa mtaa wa Morningside, huku ugenini, uliyekuwa ukimfulia? Michoro ya Wafaransa wa karne ya kumi na tisa: hakimu anakoroma mtu akihukumiwa, mama amekwama mlangoni kwa upana wa gauni, foleni imeota ndevu mbele ya karani. Wewe ulisomeshwa Kifaransa na masista wa Bukavu. Mimi mtu wa Tanga, yale maandishi chini ya picha yalikuwa giza tupu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, nami nikiuliza, unasema, "Eh, papa, nikikutafsiria itakufa."

Kwa Deo haikufa. Fundi cherehani wa kwenu, jirani wa duka langu la kutengeneza simu pale ufukweni South Beach. Mliinamia ukurasa mmoja mkicheka, mimi nimeshika simu ya mteja na bisibisi. Wivu uliniuma, sikufichi.

Ndipo nikatafuta gundi. Niliandika maneno yangu kwa Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, nikayabandika juu ya Kifaransa. Hakimu: "Niamsheni mkishampata mwenye hatia." Mama wa gauni: "Tangulieni kanisani, mimi nakuja na mlango." Karani akamwambia mtu wa foleni: "Picha ya kitambulisho hiki si wewe. Wewe una ndevu."

Ulisoma, ukafunga kitabu. "Umeharibu kitu ya watu." Ukaingia jikoni, hata tabasamu hukunipa. Kwa ukaidi nikaendelea, kila Jumapili kurasa mbili.

Juzi Deo alikuja kukiomba kile kitabu. Nikamwambia Kifaransa chenu nilishakifunika zamani.

Akashangaa. "Ile ya Wafaransa tulimaliza kitambo, ndugu yangu. Alikuwa ananiletea ya kwako. Ile ya mlango, eish, nililia! Alisema ukijua anacheka, utaacha kuandika."

Nilimpa kiti na chai. Kitabu sikumpa.

Kumbe miaka yote nilimwonea mtu wivu kwa maneno yangu mwenyewe. Ungedhani sasa wivu umeniisha. Umezidi, Mapendo. Kicheko kilikuwa changu, na aliyekiona usoni mwako ni yeye.

Pumzika, mama. Ila ujue nimenuna.

Mumeo