Boma la Kina Brandon

Anoka, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haijaisha. Mguu wako unaendeleaje?

Umesema wazee hawatakubali posa ya Brandon kabla ya kuona boma lao. Ni desturi yetu, sibishani nayo. Lakini kuwaleta wote huku Minnesota haiwezekani. Wazazi wake wana picha ya zamani sana, imechongwa kwenye shaba huko Uholanzi kisha ikapigwa chapa karatasini. Inaonyesha kijiji walikotoka mababu zao. Naipenda mno, hata moshi umechorwa kwa mistari midogo kama nywele. Nimekutumia kwenye simu. Waonyeshe wazee.

Binti yako,
Jeptoo

Kapsabet, 11 Machi 2024

Mwanangu Jeptoo,

Salamu zimefika. Mguu umepata nafuu, sasa ni moyo unaouma.

Wazee walikutana jana, wakaikuza picha mpaka simu ikapata moto. Paa limeoza. Nguruwe amelala mlangoni. Mwanamume anakojoa ukutani mbele ya watoto, na mwingine yuko chali kando ya pipa. Usingizi wa namna hiyo tunaujua. Ng'ombe hakuna. Mjomba wako Gilbert ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kwamba hatuozi msichana kwa walevi. Wamekataa.

Mama yako

Anoka, 12 Machi 2024

Mama,

Natumaini umeamka salama. Nimecheka, halafu nikalia.

Hao watu walikufa karibu miaka mia nne iliyopita! Wazazi wa Brandon wanaishi Woodbury, hapa hapa Minnesota, na choo wanacho ndani. Yeye mwenyewe hanywi hata bia. Mchoraji alichora sikukuu ya kijiji jinsi alivyoiona, bila kuwapamba watu. Hebu mtazame yule mama mlangoni anavyocheka.

Nampenda Brandon, Mama. Bila baraka zako siolewi, na kumwacha siwezi.

Binti yako,
Jeptoo

Anoka, 2 Aprili 2024

Mama,

Hujambo? Simu hupokei. Brandon ananiuliza kila jioni kama umejibu, nami namwambia mtandao unasumbua. Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Jeptoo wako

Kapsabet, 9 Aprili 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Usilie tena. Nilikuwa natazama.

Picha yenyewe haiishi. Kila nikiishika naona jipya. Yule mama nimemwona, nimempenda. Tena kuna mzee anamwinua mlevi mwingine kwapani ampeleke nyumbani, na hakuna anayemcheka. Nikajiambia, hapa mwanangu akianguka atainuliwa.

Nikawaita wazee tena. Gilbert alipoanza kelele zake, nilimwonyesha yule wa kando ya pipa, nikamuuliza yeye alilala wapi Krismasi. Akaomba chai. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda vizuri, na posa imekubaliwa. Mlete Brandon Agosti.

Maureen wa duka la picha amenichapishia kubwa, nimeitundika sebuleni. Wageni wakiuliza hao ni kina nani, nawajibu ni wakwe zangu.

Mama yako