Upande wa Kitanda Unavuja

Kaka Simiyu,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi, usidhani nimesahau. Barua hii naiweka kwenye grupu ya familia, ile ile uliyowekea picha zako za Naivasha, ili shangazi na wajomba waisome kabla hujapata nafasi ya kuwapigia simu mmoja mmoja.

Jumanne mchana ulinitumia ujumbe. Tangu tumzike mama hujaniuliza kama nala au nashinda njaa, halafu simu ikalia na jina lako likatokea. "Niaje siz. Hiyo turubai inavuja side ya kitanda. Wateja wamelowa, hadi godoro. Ulikuwa unapakanga nini hapo?" Nilikuwa kibandani kwangu Kangemi, cherehani mbele yangu, na mvua ilikuwa inapiga bati hata redio ya jirani siisikii. Nilisoma ujumbe wako mara tatu. Kisha nikaiacha kazi, nikajimiminia chai, nikakaa kuisikiliza mvua. Sijawahi kuifurahia mvua hivyo.

Nitakujibu ulichouliza. Lakini utasoma hadi mwisho kwanza.

Wazo lilikuwa lako, hilo sikunyimi. Mgongo wa mama ulikuwa umekwisha, hawezi kukaa kitako zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai, na kila siku wimbo ni mmoja, Kimilili, Kimilili. Alitaka kuiona nyumba yake, migomba yake, kaburi la baba. Kumkalisha kwenye basi siku nzima ilikuwa haiwezekani. Ukasimama uani ukaitazama pikapu ya baba iliyokuwa imelala pale miaka, ukasema, "Siz, tuiwekee kitanda hapo nyuma. Na paa ya kuinuka." Ukanichorea kwa kijiti mchangani: barabarani paa limelala chini upepo usilisumbue, mkisimama kupumzika mnalisukuma linapanda, na pande zote nne ni turubai, kama hema. Chuma kwako, kushona kwangu. Mama alituangalia kupitia dirishani akauliza tunachora nini kama watoto.

Tulikwenda mjini pamoja kununua turubai. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka alitaka kujua linakwenda kufunika nini, maana la lori ni zito na la hema ni jepesi. Ukamjibu kabla sijafungua mdomo: "Ni ya kumpeleka mama nyumbani." Mzee akapima, akakata, halafu akakunjua kipande kingine cha nusu mita, akakiweka juu ya furushi letu. "Hii ya mama," alisema. Nakukumbusha kwa sababu ulilisema kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya mtu.

Nakukumbusha pia siku ya kupima paa, kule Dagoretti ulikokuwa unachomelea vyuma, mbuzi wa sokoni wakipita wanachungulia. Zile fimbo za gesi za kuinulia paa ulizitoa kwenye milango ya nyuma ya magari mabovu, mbili za gari hili, mbili za lile, ndiyo maana upande mmoja hupanda upesi na mwingine hukokota miguu. Ukasema hiyo ndiyo staili. Ukanisimamisha ndani, ukanikumbatisha godoro lililokunjwa, eti huyo ndiye mama, nimwinue, nimgeuze, tuone kama kichwa changu kitagonga. Kiligonga. Ukaongeza kimo kwa upana wa kiganja. Halafu ukapanda mwenyewe, ukalala pale ukafumba macho. "Hapa mama atalala mpaka Kimilili na hatasikia shimo hata moja," ulisema.

Siku hiyo nilikupenda, kaka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningekwisha kukusahau.

Sasa njoo kwenye turubai. Pande nne nilizishona kibandani, na mama alikuwa amelazwa pembeni yangu kwenye godoro, penye jua. Cherehani ikipita kwenye turubai inaacha matundu ya sindano, mamia, na kila tundu ni mlango wa maji. Wewe hukulijua hilo kwa sababu hukuwahi kukaa nasi hata asubuhi moja. Ulikuwa unapita, unauliza, "Bado tu? Si ni kushona kitambaa tu?" Mama ndiye aliyekuwa anayaziba. Alikuwa na bonge la nta ya nyuki alilotumiwa kutoka nyumbani. Analianika juani lilainike, anachota kidogo, anasugua mshono tundu kwa tundu kwa kidole gumba. Turubai lilimfunika mpaka kifuani kama blanketi. "Mashine yako inatoboa, mimi naziba," alikuwa akinitania. "Bila mimi hilo ni chujio la chai." Maumivu yakimzidi anapumzika, ananiambia nisiliondoe, nimwachie hapo hapo juu yake. Kila upande ulimchukua karibu wiki nzima.

Alimaliza pande tatu. Wa nne, wa kitanda, alikuwa hata hajaugusa. Ulifika Jumatano ukaubeba begani. Nikakwambia, "Mama hajauziba huo."

"Siz, wewe shona tu, hayo mengine niachie," ulinijibu. "Ijumaa tunatoka."

Mama mwenyewe ndiye aliyetuamua. Alisema hakuna mawingu, mwache afunge, yeye atamalizia nyumbani. Akalifunga bonge lake kwenye kitambaa, akalitia kwenye mkoba wake wa safari.

Alhamisi ukasema unakwenda kujaza mafuta na upepo. Ijumaa kabla jua halijatoka nilimwogesha mama. Alitaka lile gauni la bluu na kitambaa kipya cha kichwa. Alitaka na viatu, nikamwambia mama, mtu anayelala havai viatu, akasema yeye hawezi kufika kwake pekupeku. Nikamvika. Akalala juu ya shuka na viatu vyake miguuni, mkoba kando yake, akisikiliza kila gari lililopita. Simu yako ilikuwa imezimwa. Saa nne nikasema, "Huyu ametuacha." Mama akanikata: "Usimseme kaka yako. Pengine ni pancha."

Adhuhuri alisema ni pancha. Jioni alisema pengine ni pancha mbili, na spea ni moja tu. Jumamosi nilitaka kumvua viatu, akakataa, mtu akifika asikute hatuko tayari. Mchana wake ndipo binamu akanionyesha picha. Pikapu ya baba imesimama kando ya ziwa, paa limeinuka, wewe na rafiki yako mwenye kamera mmelala kwenye kitanda cha mama mnacheka, na chini umeandika: nimeunda kwa mikono yangu, karibuni wateja. Mama sikumwonyesha. Nilikwenda bafuni nikafungua mfereji ili asinisikie.

Jumapili hali ilimbadilika, tukamkimbiza hospitali Upper Hill kwa gari la jirani, kiti cha nyuma, amejikunja. Nilimvua viatu wauguzi walipoanza kumhudumia. Jumatatu asubuhi akatutoka. Wewe ulifika alasiri, umevaa kofia mpya, gari limejaa vumbi la Naivasha, na neno lako la kwanza mlangoni lilikuwa, "Mama yuko ready?"

Alikwenda Kimilili amelala kama alivyotaka, lakini ndani ya sanduku, na wewe ukaja nyuma ya gari la maiti na ile pikapu, kitanda kitupu. Kwenye mazishi ukashika kipaza sauti. Ukawaambia watu kwamba ulimuundia mama gari la kitanda kwa mikono yako, ila Mungu akamchukua kabla ya safari. Watu wakakupigia makofi. Mjomba alifuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jeneza, nikanyamaza kwa sababu mama alikuwa pale, na maisha yake yote hakupenda usemwe. Makofi yale nimekaa nayo tumboni mpaka leo. Leo nayatapika. Mjomba, kama unasoma, sasa unajua Mungu hakuwa na haraka. Mama alisubiri siku mbili na viatu miguuni.

Mnaoniambia nisamehe, nimewasikia. Nitasamehe siku nyingine, si msimu huu. Sasa hivi nataka alowe. Nataka wateja wake wa kwenda kutazama wanyama waamke na soksi zao zikielea. Na kwa kuwa najua utatafuta fundi mwingine, kaka, nimekuwahi. Wanaoshona turubai kuanzia hapa mpaka Dagoretti tunajuana wote. Nimewapitia mmoja mmoja kwa miguu nikawasimulia. Mzee mmoja aliacha kushona akaniuliza, "Na viatu, alizikwa navyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema ukifika kwake atakuonyesha njia ya kutokea.

Nilikuahidi jibu. Unauliza nilikuwa napaka nini hapo. Hapo sikupaka kitu, kaka, wala hizo pande tatu zisizovuja sikuzipaka mimi. Hizo ni mkono wa mama. Wateja wako wanapolala kavu upande wa mlango, ni yeye anayewafunika. Upande unaovuja ni ule ulioubeba kabla hajaugusa.

Bonge la nta ninalo. Nililikuta kwenye mkoba tuliporudi kutoka kuzika. Limebaki kama nusu ya ngumi, na katikati lina kishimo alichokuwa akichimba kwa kidole gumba. Changu kinaingia sawasawa, nimejaribu. Ningeweza kuja kesho na kuumaliza ule upande kwa siku chache, najua kazi. Siji. Nta hii haitagusa gari lako, na nikifa nitazikwa nayo. Alisema atamalizia nyumbani, na nyumbani hukumfikisha.

Mvua ndiyo kwanza zimeanza. Wateja wakikuuliza kwa nini wanalowa na wewe ndiwe uliyeunda kwa mikono yako, usihangaike kutafuta maneno. Mama alikuachia jibu. Waambie pengine ni pancha.

Ni mimi dada yako,
yule wa kushona tu.