Mpira Wangu Wakimbilia Kulia

Jumatatu, 3 Agosti

Mipira thelathini kabla ya wateja kufika. Ishirini na miwili imekwenda kulia, kwenye miti. Kwa fimbo fupi napiga vizuri. Draiva tu, fimbo ndefu ya kuanzia, ndiyo inayonitesa. Mwili unawahi, fimbo inachelewa.

Tarehe 15 ni mchujo wetu sisi makedi. Nafasi moja ya mkufunzi msaidizi. Miaka kumi na tisa nabeba mikoba ya gofu ya watu na goti limekwisha. Nikiikosa hii sijui nitafanya kazi gani.

Draiva tuliinunua pamoja, mimi na kedi mwenzangu Salimu. Inalala kwake Kisauni. Kwa nini kwake?

Jumatano, 5 Agosti

Salimu anasema nipunguze haraka. Nihesabu moja, mbili nikipandisha, tatu nikishusha. Nimehesabu. Kulia tena.

Naye anaitaka nafasi hiyo hiyo. Sasa ananifundisha kwa lipi? Nilimuuliza. "Wewe nduyangu, nisikufunze?" Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimemwambia Salimu naichukua draiva kuisafisha. Nimeipeleka Kongowea, nikamwomba muuza samaki aipime kwenye mizani. Huenda Salimu ametia kitu kizito ndani.

Gramu mia tatu na ushei. Ndipo nikakumbuka sijui kabla ilikuwa ngapi. Na sasa inanuka papa.

Jumapili, 9 Agosti

Leo alitaka kuniwekea kiganja kichwani nikipiga. "Tuliza kitwa, Badi." Nimekataa. Siku sita zimebaki, ndiyo aanze kunishikashika? Wapo watu humharibu mwenzao hivyo, humjaza maelekezo hadi asahau hata kusimama. Tena mkono wa mtu kichwani mwangu siutaki.

Jumatatu, 10 Agosti

Riziki, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Asubuhi alikuja akanirekodi kwa simu. Tumeitazama jikoni mara sita au saba.

Fimbo haijaufikia mpira, kidevu kishainuka. Macho yangu yako angani. Bega linafuata, mpira unakwenda kulia.

Ni macho ya kazi. Mteja akipiga, kedi ndiye wa kutazama mpira unakoangukia. Ukipotea, lawama zake. Kwa hiyo nautafuta mpira wangu kabla sijaupiga.

Salimu alikuwa akisema kweli. Nimeona aibu. Sitamwambia.

Alhamisi, 13 Agosti

Kichwa kimetulia. Moja, mbili, tatu. Mipira inanyooka, hadi Salimu akapiga makofi.

Kisha akapiga yeye, nami nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kidevu chake nacho kinainuka. Ugonjwa ule ule. Wangu aliuona, wake hauoni.

Nilitaka kumwambia. Nikaenda kuokota mipira. Labda ananijaribu. Labda anajifanya, ili nilegee.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimepita. Kwa pigo moja.

Shimo la mwisho, mpira wa Salimu ulikwenda kulia, kwenye miti. Mimi nilijua kabla haujaondoka. Alinikumbatia mbele ya watu wote. Nilimtazama usoni nikitafuta unafiki. Sikuupata, na hilo limeniudhi kuliko kama ningeupata.

Riziki amepika pilau. Sikula sana.

Jumatatu, 17 Agosti

Fulana ya mkufunzi inanibana mabegani. Wanafunzi wawili, wote wapole.

Salimu alinijia kabla ya kazi. Alitaka kujua, mimi niliyemwona akipiga, kosa lake ni lipi. Mwakani atajaribu tena, inshallah.

Nilimwambia sijaona kosa. Akanishukuru, akaenda kupanga foleni na makedi wenzake.