Buti za Kahawia Ngomeni

Nerima, Tokyo
12 Novemba 2022

Wifi yangu Michiyo,

Salamu kwako na kwa Mizuho. Huko Tsuruoka nadhani mmeshaanza kuanika figili kabla theluji haijawawahi. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, ila magoti yamegoma, na mwaka jana nilipasuliwa mtoto wa jicho. Tangu hapo rangi zote zinanipigia kelele.

Najua ukiona jina langu nyuma ya bahasha utataka kuitupa jikoni. Subiri kidogo. Siku ile ya arobaini na tisa ya matanga ya marehemu Kiyotaka uliniambia mlangoni nisirudi tena, nami sijarudi, miaka thelathini na minane sasa. Alikuwa mume wako, lakini alikuwa pia mdogo wangu wa pekee. Nina swali moja, na hakuna mwingine duniani wa kulijibu.

Ile katuni tuliyoifanyia kazi mimi na Kiyotaka, Ngome ya Zohali, inasafishwa upya. Wameitoa filamu ghalani, na mafundi wameniita mimi bibi kizee nikae nao niwaambie rangi zilikuwaje hasa. Wapakaji rangi wa chumba chetu tumebaki wawili, na mwenzangu siku hizi hanikumbuki hata mimi.

Shida iko kwenye kipindi cha mwisho. Rubani anaondoka kwenda vitani. Mkewe ana mimba kubwa. Anainuka sakafuni, anainama kwa taabu, anazigeuza buti za mumewe zielekee mlangoni ili azivae bila kugeuka. Ndani ya ngome inayozunguka Zohali! Watazamaji wamecheka miaka yote: watu wanaishi kwenye sayari za mbali, wanaendesha majitu ya chuma, na bado wanavua viatu mlangoni kama sisi. Mwongozaji alikuwa ameagiza mwanamke apunge mkono tu. Kiyotaka ndiye aliyekichora kipande hicho peke yake, na ndicho cha mwisho alichochora maishani.

Sasa, ngomeni kila mtu ana buti nyeupe. Hizi, kwa sekunde tano, ni za kahawia. Mafundi wanasema ni kosa la mpakaji, yaani langu, kwamba nilichota chupa isiyo yake. Wanataka kuzifanya nyeupe. Mimi nakumbuka Kiyotaka aliandika namba ya kahawia pembeni mwa karatasi kwa mkono wake, au labda najifariji. Karatasi zenyewe zilichomwa zamani. Wanataka jibu kabla Januari haijaisha.

Nijibu hili tu: viatu vya Kiyotaka vilikuwa vya rangi gani?

Wifi yako,
Tokiko


Tsuruoka
30 Novemba 2022

Tokiko,

Barua nimeipata. Mgongo ni ule ule. Mizuho hajambo, anafundisha shule ya msingi huko Sakata. Theluji bado. Maamkizi ndiyo hayo, sasa tuseme.

Sijawahi kuitazama katuni hiyo hata dakika moja. Ilipokuwa ikirudiwa kwenye televisheni, Mizuho akiwa mdogo, nilikuwa nachomoa waya ukutani namwambia imeharibika. Leo unataka nikutajie viatu vya mtu aliyenikimbia. Ndiyo, alinikimbia. Mimi na tumbo la miezi minane, yeye wiki nzima haonekani, akija anabadili soksi na kunywa supu akiwa amesimama, mbio tena.

Na maneno yako sijayasahau. Ulisimama mbele ya picha yake, ubani unafuka, ukawaambia watu: "Nilimsihi aende nyumbani akapumzike. Akakataa. Aliipenda kazi yake kuliko nafsi yake." Watu wote wakalia. Mimi sikulia. Heri angekuwa na mwanamke wa pembeni, ningejua nyumba ya kwenda kugombana. Mimi nilishindwa na makaratasi.

Tena wewe ndiye uliyempeleka huko.

Waambie wazipake nyeupe. Wakitaka wazipake kijani.

Mama Mizuho


Nerima
6 Desemba 2022

Wifi yangu,

Asante kwa barua. Nilitarajia kimya, nimepata ukurasa mzima. Ulimi wako haujazeeka, na nimefurahi, maana mtu mgonjwa hatukani hivyo. Hapa baridi imeingia, nakaa na miguu chini ya meza yenye hita kama paka.

Kukubembeleza sitaki, lakini jambo moja la kazi yetu hulijui. Mimi nilikuwa mpakaji: napewa mchoro kwenye plastiki angavu, naugeuza, napaka nyuma kwa kufuata namba. Mpakaji habuni kitu. Mchoraji naye habuni sana, kusema kweli. Anaiba. Meza zao zote zilikuwa na kioo kidogo cha kujitazama wakikunja uso, na kisichopatikana kiooni walikiiba kwa watu: kwenye treni, dukani, nyumbani kwao. Mwanamke yule anavyoinuka sakafuni, mimi nilipomwona juzi nilimjua ni nani. Sikwambii.

Nakutumia diski. Kipindi kimoja tu, dakika ya kumi na nane. Usipotaka, itupe, sitauliza.

Jifunike vizuri.

Wifi yako,
Tokiko


Tsuruoka
15 Januari 2023

Tokiko,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika madirishani. Nimepata mafua nikapona.

Diski yako niliisukuma chini ya magazeti. Mizuho alipokuja kwa mwaka mpya akaifukua.

"Mama, hii nini?"

"Takataka za shangazi yako."

"Nina shangazi?"

Ni kweli sikuwahi kumwambia. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane anauliza kama ana shangazi, na mama yake anatazama birika la chai. Akaiweka diski. Nikasema mimi natoka kuzoa theluji. Akasema, "Theluji haina haraka, kaa."

Basi nikakaa. Majitu ya chuma yakapigana, sikuelewa nani ni adui wa nani. Kisha akatokea yule mwanamke. Anaweka kiganja kwenye goti kwanza. Anasubiri kidogo, kama anajihesabia. Anasukuma meza kwa mkono wa pili, anainuka, nywele zinamwangukia usoni na hawezi kuziondoa, anazipuliza kwa pembe ya mdomo. Kisha anainama tena, ameshika kiuno, anageuza buti.

Mizuho akasema, "Mama, si wewe huyo!"

Mpaka leo nainuka hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikujua kama kuna mtu aliyenitazama. Kila mara alipokuwa akiondoka, macho yake yalikuwa yamefumba nusu pale mlangoni, nikidhani analala wima. Kumbe alikuwa anatazama. Tumekirudia kipande kile mara nyingi, na Mizuho akaenda kulia bafuni akidhani simsikii.

Viatu vilikuwa vya kahawia. Vya ngozi, vimechubuka mbele. Waambie wasiviguse.

Lakini usidhani umenifurahisha. Umenichokonoa. Mwanzo nilijua kwamba mume wangu hakunijali, na nililizoea hilo kama mtu anavyozoea jino bovu. Sasa najua aliniona mpaka pumzi ya mdomo. Basi mbona hakuja? Mtu ana mke mzima nyumbani, mjamzito, anakaa kazini akimchora! Ni mapenzi gani hayo?

Wewe ulikuwepo. Ulisema ulimsihi. Alikujibu nini hasa? Sitaki hotuba ya msibani, nataka maneno yake yenyewe.

Mama Mizuho


Nerima
24 Januari 2023

Wifi yangu Michiyo,

Natumai mafua hayajarudi. Buti zinabaki kahawia, nimewaambia jana.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimezeeka. Umeniuliza maneno yake. Haya.

Sikumsihi. Yeye ndiye aliyenisihi mimi.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Alikuja chumba cha rangi, ameubana mkono kifuani. Akasema, "Dada, kifua kinanibana. Niombee ruhusa kwa msimamizi niende nyumbani. Michiyo yuko peke yake." Kipindi kilikuwa kirushwe Jumamosi. Wote mle ndani tulikuwa wagonjwa kwa namna moja au nyingine, na mimi ndiye niliyemdhamini kazini. Unajua kwetu ilivyo, uliyemdhamini akiteleza, umeanguka wewe. Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye brashi: "Nani mzima hapa, Kiyo? Imebaki michoro arobaini. Usinitie aibu."

Akasema, "Haya, Dada." Akarudi mezani kwake.

Alhamisi asubuhi alinikabidhi hiyo arobaini. Ndiyo hiyo mliyoirudia wewe na Mizuho. Akavaa koti, akatoka, akaanguka kwenye ngazi za stesheni, asiinuke tena. Aliyemwokota alisema tiketi ilikuwa mkononi. Ilikuwa ya kurudi nyumbani kwenu.

Mbele ya picha yake nilidanganya kwa sababu mama yetu alikuwa ameketi mstari wa mbele ananitazama. Uwongo wa dakika moja. Nilidhani utakwisha pamoja na moshi wa ubani. Sikujua kwamba ulikuwa umekaa nyumbani kwako miaka yote hii, unakwambia mumeo hakukutaka. Nimelijua uliponiandikia kwamba ulishindwa na makaratasi.

Hukushindwa na chochote. Alitaka kuja kwako, nikamzuia mimi.

Nisamehe, wifi. Nikisema zaidi nitakuwa najitetea.

Tokiko, dada yake Kiyotaka


Nerima
3 Aprili 2023

Wifi yangu,

Natumai wewe na Mizuho mko salama na theluji imewaachia njia. Mimi nipo.

Sijapata neno lako na sikulaumu. Kazi ya kusafisha imekwisha. Tulioneshwa yote kwenye ukumbi mdogo, na ilipofika dakika ya kumi na nane hakuna aliyecheka. Nimekutumia seti nzima, usilazimike kuifungua.

Sitakusumbua tena.

Wifi yako,
Tokiko


Tsuruoka
22 Julai 2023

Tokiko,

Hujambo? Hapa joto ni kali na maharage mabichi ndiyo yameanza, tunakula mpaka tumbo linalalamika. Magoti yako yanakuruhusu kupanda treni? Nina sababu ya kuuliza.

Barua yako ya Januari niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda kuzoa theluji mpaka jirani akaja kuninyang'anya koleo. Nilikuchukia upya. Ile chuki ya zamani ilikuwa imechakaa, hii ilikuwa mpya kabisa. Nilikuandikia barua za matusi, nzuri sana, hujawahi kusoma matusi kama yale. Sikuzituma. Kila nilipofika katikati lilinijia neno moja likanikata mkono: alikuwa anakuja.

Miezi sita nimekaa na neno hilo. Nimelipika, nimelala nalo. Mwezi wa tano nilipanda basi mpaka Sakata, nikamwita Mizuho nje ya shule, watoto wanapita, nikamwambia, "Baba yako siku ile alikuwa anakuja nyumbani." Maisha yake yote nilikuwa nimemwambia kwamba baba yake alipenda kazi. Alinishika begani, kengele ikalia akarudi darasani. Jioni alinipigia simu akaniomba nimsimulie baba yake alivyokuwa. Tuliongea mpaka simu ikaisha chaji.

Sijakusamehe. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nadanganya, na uwongo katika familia hii umetosha. Ila ungeweza kufa nalo jambo hilo na nisingejua kamwe. Ulijua ukinieleza utanikosa, ukanieleza. Nimelipima hilo pia.

Obon, siku za kuwakumbuka wafu, njoo, tarehe kumi na tatu mwezi wa nane. Mizuho atakupokea stesheni. Ni mwalimu, ana sauti kubwa, usimwite mtoto. Nitakuwekea ndoo, maji na ufagio pale lango la hekalu, uende kaburini kwa Kiyotaka peke yako uoshe jiwe lake. Msamaha usiniombe mimi, mimi ombi lako nimeshalisoma. Yeye ndiye uliyemwambia arudi mezani. Mwambie sasa anaweza kwenda nyumbani.

Ukimaliza, njoo ule.

Wifi yako,
Michiyo