Wazee Waliokuja Kunipatanisha

Jumapili, baada ya isha

Nimeshuka mlimani na baiskeli, magoti yanauma lakini moyo umetulia kama wa ujana, nikakuta wazee watatu sebuleni. Eti wamekuja kunipatanisha na Mama Amina. Mtaa mzima wa Wabera unasema mke wangu huyo amenifukuza, ndiyo maana siku hizi nalala kwenye hema.

"Hassan, mtu mwenye wajukuu halali porini kama nyumbani kuna amani," mkubwa wao akasema.

Nikamwangalia Mama Amina, nikingoja aeleze kwamba huko naenda kwa kupenda mwenyewe. Akainamisha macho, akawaongezea chai.

Wakaamua niombe msamaha na nisilale nje tena. Mama Amina akasema amenisamehe.

Amenisamehe. Na chapati nilizokula huko mlimani alinifungia yeye mwenyewe, akanikumbusha na blanketi.