Rika la Mwenda

Jumanne, Kanyakine

Na ubaya wa mwenyeji wetu ni upi? Hana hata mmoja, na hilo ndilo linaniudhi.

Siku ya tatu sasa mimi na Mwenda, rafiki yangu wa miaka ishirini, tunatembea kutoka Mikinduri hadi kwangu Embu. Leo mvua ilitukuta hapa, na jamaa tusiyemjua, Mutwiri, akatuita kwake tunywe uji. Akamuuliza Mwenda alitahiriwa mwaka gani. Kumbe mwaka mmoja na wake, na kwao hilo huwafanya rika, kama ndugu! Wakakumbatiana kama mapacha. Mwenda akapewa soksi kavu na kiti chenye mto. Mimi, mwalimu Mwembu, nikapewa kigoda.

"Mgeni, ongeza uji," Mutwiri akaniambia.

Mgeni! Na huyo mwingine ni nani?

Kisha akamgeukia Mwenda: "Rika langu, kesho nitawasindikiza mpaka Chuka." Mwenda akacheka kama mtoto. Mimi sijawahi kumfurahisha hivyo, na naogopa kesho nitawafuata nyuma kama mkia.

Tulipoachwa wawili, Mwenda akauliza, "Mwalimu, mbona umenuna?"

Nikasema ni miguu. Akaenda kuomba maji moto na kitambaa, akanikanda yote miwili.

Haikuwa ikiuma. Nikamwacha akande.